Usilizime onyo, lisome

Wikiendi hii nilikuwa najifunza lugha ya programu iitwayo Haskell. Nikaandika 2^10, jibu likaja 1024. Safi. Lakini nilipowasha maonyo yote, kompaila ikanung'unika: hukusema namba hii ni ya aina gani, kwa hiyo nimekuchagulia Integer, yaani namba kamili isiyo na kikomo.

Wengi huona onyo hilo ni kelele, wanalizima. Nawaelewa, maana mara nyingi jibu huwa sahihi. Ila jaribu 2^64. Ikiwa ni Integer, unapata 18446744073709551616. Ikiwa ni Int ya biti 64, unapata 0! Maandishi ni yale yale, majibu ni mbingu na ardhi.

Kwa nini mwandishi wa habari ahangaike na haya? Kwa sababu yameshanikuta. Nikiandaa makala kuhusu Kagera, nilichukua takwimu za sensa. Mwaka 2002 Biharamulo ilikuwa na watu zaidi ya 410,000. Mwaka 2012, zaidi ya 323,000. Nikaandika kwamba wilaya imepoteza watu karibu 87,000. Kichwa cha habari kikanoga kweli kweli.

Mzee mmoja wa Biharamulo akaisoma, akaniuliza: "Kijana, Chato umeiweka wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka 2002 Chato ilikuwa ndani ya Biharamulo. Baadaye ikawa wilaya yake, na mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. Jina moja, namba mbili za aina tofauti, na mimi nimezitoa kama maembe ya kapu moja.

Ngara nayo ina mtego wake: 2002 zaidi ya 334,000, 2012 zaidi ya 320,000. Katikati hapo kambi ya Lukole ya wakimbizi wa Burundi ilifungwa. Kabla hujasema watu wamepungua, uliza kwanza nani alihesabiwa.

Kosa langu halikuwa la kutoa. Nilikubali aina niliyodhaniwa, bila kuitaja. Kompaila angalau inakuonya. Gazeti halionyi, linachapa tu. Kwa hiyo wanaoandika programu, andikeni aina, ni nukta pacha mbili na neno moja tu. Nasi waandishi tuandike mipaka ya mwaka gani, na watu gani. Yule mzee hatakuwepo kila siku.