Fizi-Baraka: Ngoma ya Kibembe haimo ndani ya kompyuta

Baraka – Mwalimu wa kwaya anayeandika wimbo kwa kompyuta huweka nukta juu ya noti ili isikike fupi, ya kukatika. Programu inaikata noti nusu, basi. Sauti ya fidla inabaki ileile. Wengi hapo huona maandishi hayana faida, wanarudi kwenye kinanda na midundo yake ya kiwandani.

Kosa si la maandishi. Fidla ya kompyuta ina rekodi nyingi za noti moja: ya kuvutwa, ya kudonolewa kwa kidole, ya kurushiwa upinde. Mara nyingi huchaguliwa kwa noti za chini kabisa, ambazo hazilii, zinatoa amri tu. Lazima programu iambiwe: alama hii, amri ile. Cubase ina jedwali la kazi hiyo tangu 2009. MuseScore 4, iliyotoka 2022 na ni ya bure, huunganisha yenyewe ikiwa na Muse Sounds, ila kuzipakua kunakula megabaiti, na bei yake Baraka inajulikana.

Ngoma ndiyo shida kubwa. Orodha ya General MIDI ya 1991 ina konga, bongo na timbale. Ngoma ya Kibembe haimo. Vijana wenye maikrofoni Fizi na Baraka warekodi kila pigo peke yake, la katikati, la ukingoni, la kiganja kuziba ngozi, kwa nguvu na kwa upole, kisha kila moja lipewe alama yake. Hadi hapo, wimbo wa Kibembe ulioandikwa utapigwa kwa konga za Kuba.