Kila Dini Ilee Mabinti Wake? Fikra Inayowagharimu Wasichana wa Nyanda za Juu Kusini

Wazazi, walimu na hata viongozi wengi wa dini mikoani Mbeya na Iringa wanaamini kwamba kila dini ina wajibu wa kulea mabinti wake yenyewe, na kwamba urafiki kati ya Wakristo na Waislamu, ambao Watanzania hujivunia kwa haki, utajitunza maadamu watoto wanakaa darasa moja na wazee wanatembeleana Idi na Krismasi. Fikra hiyo imevikwa heshima, na ndiyo maana haipingwi. Lakini ni potofu, na wanaolipia gharama yake ni wasichana.

Ulezi unaozungumziwa hapa si wa kumlisha na kumvisha mtoto, wala si mafundisho ya dini. Ni ulezi wa kielimu, yaani utaratibu ambao mwanamke aliyetangulia kimasomo anamshika mkono msichana wa sekondari kwa miaka kadhaa, akifuatilia mahudhurio yake, akimshauri kuhusu mwili wake na mustakabali wake, na kusimama kati yake na wote wanaotaka kumtoa shuleni. Swali ni kama mwanamke huyo lazima awe wa dini ya msichana, na jibu lake linapatikana kwa kutazama ni nini hasa kinachowatoa mabinti shuleni.

Shule za kata, yaani sekondari zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na serikali, hasa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, zilisogeza elimu karibu, lakini si karibu vya kutosha kwa vijiji vya milimani vya Kilolo au Mufindi. Kwa hiyo wasichana wengi hulazimika kupanga vyumba mitaani, maarufu kama mageto, ambako binti wa miaka 15 anajipikia, anajifungia mlango usiku, na unga unapomwishia kabla shule haijafungwa anakutana na mwanamume aliye tayari kumnunulia chipsi na kumlipia kodi. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016; kodi ya geto haikufutwa. Juu ya hayo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI yamefikia asilimia 11.3 ya watu wazima mkoani Iringa na asilimia 9.3 mkoani Mbeya, wakati kiwango cha taifa kilikuwa karibu asilimia 5, na nyuma ya tarakimu hizo wamo mabinti yatima waliobaki mikononi mwa bibi zao. Dalali anayekuja Iringa kutafuta wasichana wa kazi za ndani wa kupeleka Dar es Salaam haulizi nani amebatizwa na nani amehitimu madrasa. Inakuwaje basi anayemwokoa binti huyo aulizwe dini yake kwanza?

Wanaotetea utengano wana hoja moja nzito, nayo ni hofu ya kubadilishwa dini. Hofu hiyo haikubuniwa. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na kwa miongo mingi iliyofuata shule nyingi za nyanda hizi zilikuwa za misheni, kiasi kwamba mzazi wa Kiislamu aliona mlango wa darasa na mlango wa kanisa kuwa mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoiwezesha serikali kutaifisha shule hizo, ilikusudia pia kuwafungulia watoto wote milango bila ubaguzi wa dini. Mwaka mmoja kabla yake, BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, lilikuwa limezaliwa hapahapa mjini Iringa. Historia hiyo inadai masharti makali: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, marufuku kwa mlezi kumwalika msichana kwenye ibada yake, na haki ya binti kubadilishiwa mlezi bila kuhojiwa. Haidai utengano.

Dai kwamba kukaa darasa moja kunatosha ni dhaifu zaidi. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili kuhusu msahafu uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Aprili 2013, mjini Tunduma, wakati huo ukiwa bado katika Mkoa wa Mbeya, mabishano ya nani mwenye haki ya kuchinja yaligeuka vurugu mitaani. Waliohusika hawakuwa wageni wao kwa wao; walinunua nyama kwenye bucha zilezile. Ujirani walikuwa nao, ila walikosa kazi ya pamoja iliyomlazimu kila mmoja kujifunza ratiba, miiko na wasiwasi wa mwenzake.

Ulezi wa kielimu ni kazi ya namna hiyo. Mlezi Mkristo wa binti wa Kiislamu hawezi kumfuatilia mwezi wa Ramadhani bila kujua kwamba aliyekosa daku getoni atasinzia kwenye kipindi cha hesabu cha mchana, na bila kubisha hodi kwa mama wa Kiislamu wa jirani kumwombea futari. Mlezi wa Kiislamu wa binti Mkristo naye atagundua kwamba mafundisho ya kipaimara ya Jumamosi yanagongana na twisheni, na atalazimika kuzungumza na mwinjilisti. Mazungumzo hayo madogo, yanayorudiwa mwaka baada ya mwaka juu ya mtoto mmoja wanayemhangaikia wote, yanajenga hali ya kuaminiana ambayo makongamano ya hotelini hayajaweza kuijenga.

Wala jambo hili si ndoto. CAMFED, shirika linalofanya kazi Tanzania tangu mwaka 2005, Iringa ikiwemo, huwasaidia wasichana kwa kigezo cha uhitaji, na baadhi ya waliohitimu hurudi shuleni kuwa walezi wa wadogo zao. Kilichobaki ni kwa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), vikundi vya wanawake wa Kilutheri na Kimoraviani, na wanawake wa BAKWATA kukaa na wakuu wa shule muhula ujao, kuandaa orodha moja ya wasichana wanaoishi mageto, kuipanga kwa uhitaji, na kugawana majina bila kutenganisha misikiti na makanisa.