Kabla fundi hajapiga msasa chumba cha mtoto

Mimba ikifika miezi saba, nyumba nyingi huanza kuhangaikia chumba cha mtoto. Picha zipo kwenye simu: ukuta mmoja unafanana na marumaru, mwingine una madoa laini kama mawingu. Fundi anaitwa, bei inakubaliwa, kisha anasema: "Mama, hii rangi ya zamani naipiga msasa kidogo tu, kesho naanza urembo."

Hapo kwenye msasa ndipo pa kumsimamisha.

Urembo wenyewe si kazi ya ajabu. Ukuta hupakwa rangi ya kwanza ikakauka, kisha juu yake hupita rangi ya pili iliyozimuliwa hadi ikawa nyepesi. Kabla hiyo ya pili haijakauka, fundi huigusagusa kwa sponji, huizungushia kitambaa kilichokunjwakunjwa, au huchora mishipa ya marumaru kwa brashi nyembamba.

Kwa marumaru, baadhi ya mafundi hupenda rangi ya mafuta kwa kuwa haikauki haraka, hivyo wanapata muda wa kurekebisha. Lakini ile harufu kali ni mvuke wa kemikali. Huumiza kichwa na kuwasumbua wenye pumu. Rangi ya maji hukauka upesi, ni kweli, ila dawa yake ni watu wawili: mmoja anapaka kipande, mwenzake anafuata na sponji. Fundi akikataa, pengine hataki tu kugawana malipo.

Turudi kwenye msasa. Rangi ya zamani, hasa ya mafuta iliyo kwenye milango na madirisha, na zile za njano au nyekundu zilizokolea, inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikisuguliwa ikiwa kavu inageuka vumbi, na vumbi hilo linatua sakafuni, kwenye godoro na kwenye midoli. Mtoto anayetambaa analishika, kisha vidole vinaingia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Madini haya huathiri ubongo unaokua, na mtoto akapata shida ya kujifunza na kutulia. Kwa mjamzito, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa aliye tumboni. Mara nyingi mtoto haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anacheza, na ni kipimo cha damu tu kinachoweza kusema.

Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini hadi leo nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado zinaleta shida, maana kupaka rangi mpya juu hakuiondoi ya chini.

Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, haibanduki, iachwe ilivyo na mpya ipakwe juu yake. Kama inabanduka, ilowanishwe kwa maji kwanza ndipo isuguliwe, na isichomwe kwa moto. Sakafu itandikwe nailoni, magodoro na nguo vitolewe, mama na watoto walale kwingine. Baada ya kazi, futa kwa kitambaa kibichi. Ufagio unalirusha vumbi upya.

Dukani, soma kopo kabla ya kulipa. Kikomo kinachopendekezwa na WHO pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi katika milioni. Kopo lisilosema lolote kuhusu risasi, muulize muuzaji, na akibabaika nenda duka la pili.

Na fundi apewe maji ya kunawa na nafasi ya kubadili nguo kabla ya kuondoka. Naye ana watoto wanaomkimbilia mlangoni.