Neno la Mhariri: 641 Haikuokotwa

Tangu tutangaze kwamba toleo hili ni la namba za Fermat, kuna hoja moja inanikera: eti 4,294,967,297 haina tena la kutufundisha, kwa kuwa simu yoyote inaigawa kwa 641 na kutoa 6,700,417 papo hapo. Sawa, inaigawa. Lakini nani aliiambia ijaribu 641?

Fermat aliamini namba zote za sura 2^(2ⁿ) + 1, kwa kifupi Fₙ, ni tasa. Euler akamuumbua mwaka 1732. Husimuliwa kana kwamba alikaa akigawa tu mpaka bahati ikamwangukia. Wapi! Kigawo tasa cha 2³² + 1, yaani hiyo hiyo 4,294,967,297, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo peke yake linakuachia 193, 257, 449, 577, kisha 641. Karibu karne moja na nusu baadaye Lucas akabana zaidi: badala ya 64, weka 128. Sasa mpaka kufikia 641 umebaki na 257 tu njiani, nayo ni namba ya Fermat, na namba za Fermat hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Mwenye kalamu anaanza na 641 na kumalizia hapo hapo.

Na hata kugawa si lazima. 641 ni 5 × 2⁷ + 1. Tena ni 5⁴ + 2⁴. Basi kwa hesabu ya mabaki ya 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ibadilishe, unapata −2³² sawa na 1. Yaani 2³² + 1 haibakizi kitu. Ile namba ya tarakimu kumi hatukuigusa kabisa! Anayeona hili ni sawa na kubonyeza kikokotoo, sijui hisabati anaipendea nini.

Najua nitajibiwa kwa F₂₄, yenye tarakimu zaidi ya milioni 5: kompyuta imethibitisha kwamba si tasa, na hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Huyo ni shahidi wangu mimi. Kompyuta ilikuwa ikitekeleza jaribio la Pépin la kupima utasa wa namba za Fermat, la mwaka 1877.

Ndani mtakuta poligoni ya Gauss yenye pande 17, na makala safi kuhusu kazi ya 65,537 katika usimbaji. Namba tasa iliyogunduliwa mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320, imo kwa sababu mliidai.

Kuanzia toleo lijalo, atakayetuletea kigawo bila kueleza kwa nini alikitafuta hapo atarudishiwa makala yake.