Kazi ya nyumbani kwa mugonjwa: ya kweli inalipa, ya uwongo inaomba malipo kwanza

Ujumbe unaingia ku WhatsApp asubui, mara nyingi ndani ya kundi la familia, la kanisa ao la wazazi wa masomo. Unasema hivi: tumika ukiwa nyumbani, hauhitaji diplome, telefone yako inatosha, pata dola 10 kila siku. Chini kuko numero ya kuandikia na picha ya binti anayecheka mbele ya ordinatere.

Mutu mwenye nguvu zake anausoma, anapita, anaenda ku kazi. Lakini kuko wenye wanausoma mara mbili: mama mwenye mugongo wake uliharibika juu ya kubeba mizigo, motari mwenye mguu wake ulivunjika ku ajali, baba mwenye ugonjwa wa sukari umeanza kumuzuia kuona vizuri. Kwao, maneno “ukiwa nyumbani” hayako matangazo tu. Ni jibu la sala. Na wezi wanajua ile.

Mwili ndio kapitali

Katika majimbo ya mashariki, kazi nyingi zinafanywa na mugongo, mikono na miguu. Mu Bukavu, wamama wanabeba magunia kutoka ku bandari ya ziwa mupaka ku soko. Mu Goma, vijana wanasukuma chukudu yenye kujaa makala ao viazi. Kamituga na Mongbwalu, wachimbaji wanashuka ndani ya mashimo ya zahabu. Walungu na Masisi, ni jembe. Hakuna mukataba, hakuna siku ya kupumuzika yenye kulipwa. Siku mwili unakataa, feza inasimama siku ileile, lakini mwenye nyumba anakuja palepale ku mwisho wa mwezi.

Sheria ziko. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 inapanga malipo ya jamii, na ni shirika la serkali CNSS ndilo linayasimamia. Mutu mwenye ugonjwa ao ajali ilimuondolea nguvu za kutumika anaweza kupata pansio, lakini ni kama alikuwa anakatwa makato kila mwezi. Mama muuza samaki hakukatwa kitu hata siku moja, kwa hiyo jina lake haliko mu kitabu. Tena, tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka wa 2022, Kongo ilitoa sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na inafaa watu waijue. Lakini ku mwisho wa mwezi, mwenye nyumba haulizi sheria, anauliza franga.

Juu ya ile, vita iliongeza shida ingine. Goma ilipoingia mu mikono ya AFC/M23 mwisho wa mwezi wa 1 mwaka wa 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Watu walibakia na telefone: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Leo mushahara, musaada wa ndugu wa Ulaya, franga za masomo, vyote vinapita mule. Na njia yenye kupitisha musaada ndiyo ileile yenye kupitisha wizi. Mugonjwa hahitaji tena kutoka ku kitanda ili aibiwe.

Mutego unajengwa namna gani

Ya kwanza ni kulipa mugonjwa. Ndiyo, wanamulipa. Wanamwambia atazame video, aweke “napenda” ku picha, kisha wanamutumia franga 2 000 ao 3 000. Zinafika kweli. Mutu anaonyesha bibi yake, anaonyesha jirani. Shaka inaisha.

Ya pili, wanamweleza kama kuko ngazi. Ngazi ya chini inalipa kidogo. Kwa kupanda, anapashwa “kufungua konti” kwa dola 10, kisha 30, kisha 100. Ku telefone anaona hesabu yake inapanda kila asubui: 40, 75, 130. Lakini zile dola ni namba tu zenye kuandikwa ku ekra. Siku anaomba kuzitoa, wanamuambia alipe kwanza taxe, ao ada ya kufungua, ao alete watu 3. Anayemuandikia anaongea kwa upole: “Mama, usikawie, nafasi zinaisha.” Kisha siku moja numero haipatikane tena.

Ile neno la kuleta watu 3 ndilo linaonyesha uwongo. Kama kila mutu analeta 3, hao 3 wanaleta 9, hao 9 wanaleta 27. Ku ngazi ya 10 peke yake panahitajika watu 59 049 wapya. Kartye itawatoa wapi? Hakuna kitu kinauzwa, hakuna kitu kinatengenezwa. Feza ya mwenye aliingia jana inalipa mwenye aliingia juzi, mupaka watu wanaisha. Wazee wanakumbuka: mwaka wa 1991, mu Kinshasa, mupango wa Bindo ulifanya watu waache akiba zao mule kwa kungojea mara nyingi zaidi ya walichoweka. Ulianguka, na wengi walipoteza kila kitu. Telefone haikuwa, lakini hesabu ilikuwa ileile.

Si kwamba mugonjwa hana akili. Mutu mwenye kuwa na dawa za kununua kila mwezi hana wakati wa kungojea. Anahesabia tumaini, na mwizi anamuuzia tumaini.

Kuko kazi ya kweli ku intaneti?

Iko, lakini si kama inavyotangazwa. Kuandika maandiko ku ordinatere, kutafsiri, kusikiliza sauti na kuiandika, kufanya hesabu za shirika, kutengeneza afishi: hizi ni kazi, na kuko watu wanazifanya wakiwa nyumbani. Wakati wa Ebola mu Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwaka wa 2018 mupaka 2020, ilionekana wazi kama ujumbe wa afya wa Kifaransa tu haufike kwa watu. Mutu mwenye kujua vizuri Kiswahili cha Kongo, Kinande ao Mashi ana kitu chenye samani.

Lakini kazi hizi zinaomba ufundi wenye kujifunza kwa miezi, umeme, na forfe ya mega. Kabla ya kusema analipwa, mutu anapashwa kutoa garama ya mega na ya kuchaji telefone. Na kuko ulizo lenye wengi wanasahau: feza itafika Kongo kupitia njia gani? Kampuni zingine zinalipa paka ku konti yenye mukaaji wa hapa hawezi kufungua. Kazi inaweza kuwa ya kweli, na mutumishi asione kitu.

Hata pale intaneti iko na nguvu zaidi, kazi hii haina mizizi. Mu Kenya, vijana wengi walitumika kwa kufundisha mashine za akili bandia. Mwaka wa 2023 gazeti Time la Marekani lilionyesha kama watumishi wa kampuni moja ya Nairobi walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi wa 3 mwaka wa 2024, jukwaa Remotasks, lenye watu walikuwa wanatumikia wakiwa nyumbani, liliwafungia Wakenya mulango. Waliamuka, kazi haiko. Kama ni vile kwa wenye umeme na intaneti ya bei ndogo, mugonjwa wa Uvira ao Butembo asiweke maisha yake yote juu ya kazi ya namna hii. Iwe ya kuongezea.

Kazi yenye inakaa karibu

Kazi za nyumbani zenye kulisha watu wengi hapa hazitangazwe ku WhatsApp. Ni kushona na kurekebisha nguo, kusuka nywele, kutengeneza sabuni, kusuka vikapo, kuuza krediti na kutuma feza mbele ya nyumba, kukaanga mandazi, kuuza chumvi na mafuta kadogo-kadogo, kufundisha watoto wa jirani nyuma ya masomo, kufuga sungura ao kobayi. Mu Kivu ya Kusini, familia nyingi zinafuga kobayi ndani ya jikoni: anakula majani na maganda, anazaa haraka, na haombe fasi kubwa. Mutoto anaweza kumukatia majani, na mugonjwa anasimamia akikaa.

Lakini kazi ya nyumbani haiko nyepesi kwa kila ugonjwa. Mwenye asma ao mapafu yaliyoharibika na kifua kikuu asikaange mandazi ndani ya jikoni yenye kujaa moshi, na asiuze makala: vumbi na moshi vitamurudisha ku hopitali. Mwenye mugongo muzaifu, mashini ya kushona ya miguu itamuumiza kama anakaa masaa 6 bila kusimama. Mwenye sukari anapashwa kuchunga miguu yake na kula kwa saa. Kazi yenye kumufanya asahau kula itamuangusha. Mwenye ugonjwa wa damu wa SS, baridi na maji mengi vinaweza kumuamusha maumivu. Kufua nguo za watu si kazi yake. Ni vizuri kuuliza munganga neno moja la wazi: “Na hii hali yangu, naweza kufanya kazi gani, na masaa ngapi?” Wagonjwa wengi wanauliza juu ya dawa, hawaulize juu ya kazi.

Shida kubwa ni kapitali ya kuanzia. Hapa ndipo kundi la akiba, lenye watu wanaita AVEC, lina faida. Wanakutana kila juma, kila mutu anaweka kidogo, kitabu kinasomwa mbele ya wote, na mwenye haja anakopa kwa faida ndogo. Makundi mengi yana pia kasha la musaada wa ugonjwa na kilio. Tofauti na mutego wa telefone inaonekana: mu AVEC mutu anajua sura ya mwenye anachunga sanduku, na anajua nyumba yake.

Lakini makundi mengine yanaogopa kupokea mugonjwa: wanasema hataweza kurudisha. Woga huo unaeleweka, lakini unamusukuma ku mikono ya wezi. Kuko njia ya katikati: kumupa sehemu ndogo kwanza, kumungojea akiweka kila juma, kisha kumukopesha kulingana na akiba yake, pamoja na ndugu mwenye kumusimamia.

Maulizo mbele ya kukubali

Mbele ya kutuma hata franga moja, mugonjwa na familia yake wanaweza kujiuliza hivi. Nani anatulipa, na anaishi wapi? Anauza nini, na nani anakinunua? Tunalipwa juu ya kazi ao juu ya kuleta watu? Feza itafika kwa njia gani, na siku gani? Kwa nini tulipe sisi, kama ni wao wanatafuta mutumishi? Na lile la mwisho ndilo linabeba mengine yote. Mwalimu halipi ili afundishe, mushonaji halipi mwenye anamuletea kitambaa. Kweli, mushonaji atanunua sindano na uzi, lakini vinabakia vyake. Dola 10 za “kufungua konti” hazibakie za mutu.

Mutu asitoe pia namba ya siri ya M-Pesa ao ya Airtel Money, asitume picha ya kadi ya muchaguzi kwa mutu asiyemujua. Kuko wenye wamekopewa feza kwa majina yao bila kujua.

Kama feza imekwisha kwenda, kila dakika ina kazi. Ni kuita mara moja kampuni ya telefone, kuomba wazuie ile operesheni, na kuchunga ujumbe wote na numero ya operesheni. Usifute juu ya haya. Kudanganya mutu ili kuchukua mali yake ni kosa ku kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa, na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 Kongo ina pia kodi ya numeriki yenye kugusa makosa ya ku intaneti. Ni kweli, mu miji yenye tribunali hazitumike vizuri leo, malalamiko yanaweza kulala. Lakini bila ushuhuda hayataamuka hata kesho.

Kazi ya wengine

Kumuambia mugonjwa “uwe macho” haitoshe. Mwenye kusimamia kundi la WhatsApp ana uwezo wa kufuta tangazo mbele halijasomwa na watu 200. Mushiriki wa kanisa mwenye kulituma “kwa wema” anapashwa kuuliza kwanza kama yeye mwenyewe amekwisha kutoa feza mule, si kuiona ku ekra. Mwenye alidanganywa anapashwa kusema, hata kama ni haya, kwa sababu kimya chake ndicho kinawalisha wezi. Na hopitali zenye kutibia watu mupaka wapone kidonda zingeweza kuwauliza mbele ya kuwarudisha nyumbani: utakula nini, na kazi gani itakungojea?

Mugonjwa haombe dola 10 kila siku. Mara nyingi anatafuta franga za dawa, za bugali na za masomo, na heshima ya kusema kwamba anatumika. Jirani mwenye kumuletea suruali ya kurekebisha amemupa kazi ya kweli zaidi kuliko ujumbe wote wa asubui.