Mti Hauendi Ila kwa Nyenzo

Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alitoka katika raga. Klabu hiyo ilimfanya mlinzi, yaani yule anayemvamia mbeba mpira na kumwangusha, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Mwezi Desemba 2015 aliachwa.

Wapo wanaoisimulia safari hiyo kama muujiza, na wapo wanaoibeza kwa ufupi wake. Wote wamepotoka. La kuzingatiwa ni pale ilipoanzia. Adongo alisoma Strathmore, shule ya mtaa wa Lavington inayocheza raga. Kisha akacheza Afrika Kusini na New Zealand.

Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Kibera nayo haiko mbali na Barabara ya Ngong, ulipo uwanja wa RFUEA, makao ya raga nchini. Watoto wa mitaa hii miwili hawakunyimwa nguvu wala mbio. Walichopungukiwa ni nyenzo: uwanja, mwalimu na saa za mazoezi. Ni wajibu wa serikali ya kaunti kuwatengea viwanja, na wa klabu kuwafungulia malango.

Anayewaambia watoto hao wajitahidi kama Adongo akumbuke kwamba Adongo alijitahidi akiwa na nyasi chini ya miguu.