TAMKO LA WAKULIMA WADOGO WA MPUNGA WA VIWANJA SITINI KUHUSU ORODHA YA WANUFAIKA WA RUZUKU YA MBOLEA

Sisi wanachama wa chama cha wakulima wadogo wa mpunga wa Kata ya Viwanja Sitini, Halmashauri ya Mji wa Ifakara, tumekutana na kukubaliana jambo moja: orodha ya wanaopata ruzuku ya mbolea ibandikwe na kusomwa hadharani, mtaa kwa mtaa.

Ruzuku yenyewe tunaishukuru. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango huu, na Serikali ikatenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa urea wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi 120,000, ukashuka hadi 70,000. Kwa mkulima wa ekari mbili, nafuu hiyo inalipa vibarua wa palizi.

Lakini ruzuku hii haipiti mkononi mwa mkulima kama fedha. Mkulima hujiandikisha kwenye mfumo wa kidijitali, hupewa namba, huenda kwa wakala na kulipa sehemu yake. Sehemu iliyobaki hulipwa na Serikali kwa waliosambaza mbolea. Kila mfuko ulioandikwa kwenye jina la mtu ni fedha ya umma iliyotoka kwa jina hilo. Mwenye jina asipoonyeshwa hesabu, atajuaje kama ameandikiwa mifuko miwili aliyoibeba au kumi ambayo hakuiona?

Tunakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008. Vocha ilifidia nusu ya bei kwa ekari moja, na kamati ya kijiji ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, ndiyo iliyosimamia. Zilikuwa na dosari: wapo waliotia saini na kumwachia wakala vocha kwa fedha kidogo. Hata hivyo jirani alimjua aliyepewa, na mkulima hewa alikuwa na wa kumuumbua. Leo jina limo kwenye mfumo, na mfumo hauna jirani.

Hapa kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu wengi tunalala Viwanja Sitini na kulima kwingine. Mvua zikianza, wapo wanaovuka Daraja la Magufuli kwenda upande wa Ulanga na kukaa kwenye madungu hadi mavuno. Kwa wengi, mashamba ni ya kukodi. Mwenye ardhi akijiandikisha kwa ekari alizokodisha, namba inabaki kwake na jembe linabaki kwetu.

Kwa hiyo tunataka yafuatayo:

1. Kila ofisi ya mtaa ibandike orodha ya walioandikishwa, ekari zao na mifuko waliyochukua msimu uliopita. Namba za simu na za vitambulisho zisionekane.

2. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya mbolea ya kupandia kuanza kuuzwa, na mwenye pingamizi asikilizwe papo hapo.

3. Anayelima shamba la kukodi aandikishwe kwa ekari anazolima msimu huo, akithibitishwa na uongozi wa mahali shamba lilipo, hata kama ni ng'ambo ya mto.

4. Mtu akikana mifuko iliyoandikwa kwa jina lake, ajibiwe kwa maandishi, na wakala aliyeitoa achunguzwe.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Tutaandika barua yetu kwa halmashauri kwa kufuata sheria hiyo, na tutasubiri siku 30.

Wakati tukisubiri, tunaanza na sisi wenyewe. Majina ya wanachama wote, viongozi wakitangulia, pamoja na ekari na mifuko yetu, yatabandikwa kwanza kwenye ubao wa chama. Asiyetaka lake lisomwe hana mdomo wa kudai la mwenzake.

Imetolewa Viwanja Sitini, Ifakara, na Mwenyekiti na Katibu kwa niaba ya wanachama.